Nyumba Kongwe Kuwa Maduka: Manufaa na Mipaka Yake

Ndugu msomaji, leo tutazame jambo linalowagusa wenye nyumba na wafanyabiashara wa Mji Mkongwe, Zanzibar: kuzigeuza nyumba kongwe kuwa maduka. Je, huko ni kuuhifadhi mji au kuubomoa pole pole?

Kwanza, biashara si ngeni katika mji huo. Nyumba nyingi za wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi zilijengwa na duka chini, likitazama njia. Nyumba za Kiarabu, kinyume chake, zilifungwa kwa nje: ukuta mnene, mlango wa nakshi na uwanja wa ndani. Kufungua duka katika zile za kwanza ni kuendeleza kazi yake. Katika hizi za pili, mara nyingi ni kutoboa ukuta unaobeba ghorofa.

Pili, nyumba inayotumika ndiyo inayotunzwa. Kodi ya duka hutengeneza paa kabla maji hayajaozesha boriti. Wazee wetu walilifahamu hilo, wakaweka wakfu nyumba na maduka ili kodi yake iuhudumie msikiti. Aidha, kulitumia jengo lililopo kunaepusha israfu ya mawe mapya na ya saruji, ambayo huchomwa kwa nishati nyingi.

Tatu, ipo mipaka. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupitisha unyevu. Ukizipiga plasta ya saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta hulegea. Dari hubebwa na boriti za mikoko, ndiyo maana vyumba ni vyembamba. Anayeondoa ukuta ili apate ukumbi mpana, huondoa mhimili. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 la Sayyid Barghash, iliporomoka ikiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafariki. Basi vipi nyumba inayotobolewa bila fundi mjuzi?

Huko Maastricht, Uholanzi, kanisa la mwaka 1294, lililoacha kutumika kwa ibada tangu 1794, lilifanywa duka la vitabu mwaka 2006. Rafu za chuma zilisimamishwa peke yake, kuta zikaachwa salama. Hatusemi msikiti ufanywe duka, la hasha! Funzo ni namna ya kazi: kilichoongezwa kiweze kuondolewa.

Kwa hiyo, mwenye nyumba atafute kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, atumie chokaa, na amfikirie jirani wanayeshirikiana ukuta. Nyumba ikiwa ya wakfu, sharti la aliyeiweka liheshimiwe, na kodi ifike kwa wanaostahiki. Uislamu umekataza kujidhuru na kudhuru wengine. Faida ya duka haihalalishi kumwangushia jirani dari.