Usikivu Hafifu Baharini: Kubalianeni Ishara Mkiwa Ufukweni

Mtu asiyesikia vizuri anaweza kupiga kafi baharini salama, iwe kwa mtumbwi au kwa kayaki. Hatari iko kwenye sauti mbili anazoweza kuzikosa: boti ya injini inayotokea nyuma, na mwenzake anayemwita. Upepo na mawimbi humpunguzia hata kile kidogo anachosikia.

Kwa hiyo, kubalianeni ishara kabla ya kushusha vyombo majini. Kafi likiinuliwa wima, maana yake njoo. Likilazwa juu ya kichwa, simama. Kujigusa utosini kwa mkono ni kusema niko salama. Kunyoosha mikono yote miwili pembeni, kisha kuipandisha na kuishusha polepole, ni ishara ya kimataifa ya kuomba msaada.

Mkiwa kundi, usitangulie. Kaa mahali unapowaona wenzako wote, na geuka kutazama nyuma mara kwa mara, hasa karibu na gati na njia za boti.

Vifaa vingi vya kusaidia kusikia huharibiwa na maji ya chumvi. Kivue chako na ukifunge ndani ya kopo lisilopitisha maji. Tangu hapo macho ndiyo masikio yako, na wenzako wajue hivyo.

Vaa jaketi okozi la rangi kali, na ulifunge filimbi. Wewe huenda usiisikie, lakini mwokoaji ataisikia.