Koo la spika

Mwalimu mmoja wa Morogoro amenitumia picha ya redio anayoitamani. Ni ile midogo ya kuweka rafuni: kichwa chenye sehemu ya flashi na spika mbili, kila moja kama boksi la viatu lililosimamishwa. Boksi lake limeandikwa kwa herufi za dhahabu: wati 3,000 PMPO. Bei ni laki tatu na nusu. Anauliza mambo mawili. Je, inastahili hela hiyo? Na lile tundu la duara nyuma ya kila spika ni la nini, maana fundi wa mtaani kwake anasema ni la kupooza joto?

Swali la kwanza ningelimaliza kwa mistari michache. La pili limenikesheza, na nimekesha kwa raha.

Tuanze na wati ili tupumue. Mwambie muuzaji ageuze redio, usome kibandiko cha nyuma, pale palipoandikwa volti na hezi 50. Utakuta wati 30, labda 40. Hicho ndicho chakula chake chote kutoka ukutani, na sehemu yake inaishia kuwa joto. Kuku aliyekula punje kumi hatagi trei tatu za mayai. PMPO haina kipimo kinachokubalika popote. Kila kiwanda hujipimia kwa rula yake. Kuna kondensa ndani zinazoweza kumwaga umeme mwingi kufumba na kufumbua, lakini kufumba na kufumbua si wimbo. Tena sikio lenyewe halihesabu kama mkoba: ukiongeza wati maradufu, sauti hupanda desibeli 3 tu, na ili uisikie kama imekuwa kubwa mara mbili unahitaji wati kama mara kumi. Tafuta herufi RMS, yaani wati ambazo redio inaweza kuzitoa mfululizo. Zisipokuwepo, amini kibandiko.

Sumaku, koili na namna umeme unavyotikisa karatasi ya spika nayaruka. Yamo katika vitabu vya fizikia vya sekondari na hayajanisisimua hata siku moja. Twende kwenye tundu.

Umewahi kumwona fundi akijaribu spika tupu juu ya meza, haina boksi? Inalia kama redio ya mkulima, kwii kwii, besi hakuna. Spika ni ileile. Kinachotokea ni kwamba karatasi ikienda mbele inaisukuma hewa ya mbele, na papo hapo inaivuta ya nyuma. Kwa sauti nene, ambazo hutetemeka polepole, hewa iliyosukumwa ina muda wa kuzunguka ukingoni na kujaza pengo la nyuma. Mbele na nyuma zinalipana deni, na sikioni mwako hakifiki kitu. Dawa ya kwanza ni kuifungia sauti ya nyuma ndani ya boksi. Besi inarudi, ila umetupa nusu ya kazi ya spika, maana nyuma inafanya kazi sawa na mbele.

Mmarekani Albert Thuras wa maabara za Bell hakukubali kutupa nusu hiyo. Mwaka 1932 alipewa hataza ya boksi lenye mlango wa pili, ambao hautoi tu hewa ya nyuma nje, bali huigeuza kwanza ili itoke pamoja na ya mbele badala ya kupingana nayo. Anaigeuzaje? Kwa chupa ya soda.

Chukua chupa tupu ya kioo, ile ndogo, pulizia mdomoni mwake. Inatoa mlio mnene. Karne ya 19 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitengeneza vyombo vya namna hii vya kila ukubwa na kuvitumia kuchambua sauti, kimoja kwa kila noti. Hewa iliyo kwenye shingo ya chupa ni kama kizibo chenye uzito. Hewa iliyo tumboni ni kama springi. Usiponiamini kuhusu springi, ziba pampu ya baiskeli kwa dole gumba na ukandamize mpini: utakurudisha. Basi kizibo cha hewa kinaruka juu ya springi ya hewa, na kwa kuwa kina uzito wake na springi ina ugumu wake, kina mwendo wake kinaoupenda. Spika ya mwalimu ni chupa hiyo, iliyofungiwa mpulizaji ubavuni.

Sasa chukua funguo zako. Fanya kweli, usisome tu. Zifunge kwenye kamba ya kiatu, zining'inie kama nusu mita chini ya mkono wako. Mkono ni karatasi ya spika. Funguo ni hewa iliyo kwenye tundu.

Peleka mkono kulia na kushoto polepole sana, kama mtu anayebembeleza mtoto aliyekwisha lala. Funguo zinaufuata mkono popote uendapo. Sasa ongeza mwendo kidogo kidogo. Kuna mahali utafika ambapo mkono unatikisika kiasi cha upana wa kidole tu, na funguo zinaruka huku na huku kama zimepagawa. Huna nguvu mpya. Umeingia tu kwenye mwendo zinaoupenda funguo. Usikae hapo. Ongeza mwendo zaidi, na angalia kwa makini: mkono ukienda kulia, funguo zinakwenda kushoto. Zimegeuka! Hakuna aliyezigeuza. Uzito wao umechelewa nusu mzunguko mzima. Ongeza tena hadi mkono utetemeke kama wa mgonjwa wa homa, na funguo zitatulia kabisa, zikikutazama.

Mambo hayo manne ndiyo maisha yote ya tundu la spika. Sauti nyembamba zikipita, hewa ya kwenye tundu inatulia kama funguo mbele ya mkono wa homa. Tundu ni kama halipo. Sauti zikishuka kuelekea besi, hewa ile inaanza kucheza kinyume na mgongo wa karatasi. Kinyume cha nyuma ni mbele, kwa hiyo karatasi na tundu vinasukuma sebule yako kwa pamoja, na hapo Thuras amerudishiwa nusu yake. Sauti ikifika kwenye mwendo wenyewe wa tundu, karatasi inakaribia kusimama na tundu ndilo linaloimba. Ikishuka chini ya hapo, funguo zinaufuata mkono: karatasi ikirudi ndani, hewa inatoka tunduni, deni linalipwa tena, na besi inaanguka kama embe.

Niliyaona hayo kwa macho wiki iliyopita. Redio yangu ndogo ina tundu mbele. Niliwasha kipande cha mshumaa kilichobaki tangu mgao wa umeme, nikakishika sentimita tatu kutoka tunduni, nikafungua programu ya simu inayotoa mlio wa hezi unazozitaka. Kwa hezi 200 moto ulisimama wima. Kwa 90 ukaanza kutikisa kichwa. Kwa 64 ukalala kabisa na kuzimika, harufu ya nta ikajaa chumba; niligusa karatasi kwa ncha ya kidole, ilikuwa karibu kimya. Kwa 35 karatasi ilirukaruka hadi nikaiogopea, na kilichosikika ni fuu, fuu, fuu, kama mzee anayepooza chai.

Hapa lazima tugombane kuhusu majina. Mafundi huliita tundu la upepo. Tundu ni uwazi tu, halina urefu, na siri yote ya kitu hiki ni urefu: ukichungulia utaona bomba linaloingia ndani. Shingo ingefaa kwa chupa, lakini shingo huonekana nje. Kitu kilichoko ndani, chembamba, chenye urefu, ambacho hewa hupita ikawa sauti, Kiswahili tayari kinakiita koo. Basi ni koo la spika. Na lile tukio la funguo kupagawa kwa mkono mdogo? Kuna wanaoandika "mwangwi", nami napinga. Mwangwi ni sauti yako mwenyewe iliyogonga mlima ikarudi kwa kuchelewa. Kooni hakuna mlima. Nilifikiria "mwitikio", ila wahandisi wamekwisha liajiri kwa kazi nyingine. Nimebaki na "mvumo": upepo huvuma, nyuki huvuma, ngoma huvuma, na chupa ile ukiipulizia inafanya nini kama si kuvuma? Mtaniandikia kwamba mvumo ni kelele yoyote nene. Niandikieni.

Sasa kitu kinachonifurahisha kuliko vyote, nacho ni hesabu. Boksi la lita 6, lenye koo la kipenyo cha sentimita 4 na urefu wa kama sentimita 15, huvuma kwenye hezi 60 hivi. Linaenea vizuri. Unataka lishuke hadi hezi 30? Kushusha mvumo nusu kunadai urefu mara nne hivi, na koo letu sasa linapita sentimita 65, ndani ya boksi lisilofika hata nusu ya hapo kwa kimo. Ukilifanya koo liwe jembamba ili lifupike, hewa inapita kwa kasi na kuanza kufoka kama mzee wetu wa chai. Ukiliacha pana, halienei. Hakuna ujanja wa dukani unaoikwepa hesabu hii. Mwaka 1961 Mwaustralia Neville Thiele aliiweka sawa kwa majedwali, Richard Small akaiendeleza miaka ya sabini, na tangu hapo mtengenezaji mwaminifu hana haja ya kubahatisha.

Asiye mwaminifu hufanya hivi: huweka koo fupi, mvumo ukae juu, hezi 90 au 100, kwa sababu hapo ndipo karatasi ndogo hutoa kishindo kwa jasho kidogo. Dukani kinavutia. "Dada, hii itawahamisha majirani," nimewahi kuambiwa, na nilinunua. Nyumbani niligundua kwamba kila noti ya besi ilikuwa noti moja: bum, bum, bum. Koo lile lilipenda mwendo mmoja, na kila kilichopita karibu lilikivumisha hadi kikafanana na jirani yake.

Kwa hiyo kipimo changu cha thamani ni kimoja. Mwalimu, wewe wa Morogoro huna udhuru: weka kwenye flashi nyimbo za Morogoro Jazz za Mbaraka Mwinshehe, nenda nazo dukani, na fuata gitaa la besi peke yake. Nyuzi zake nne zikipigwa wazi hutoa hezi 41, 55, 73 na 98. Redio ndogo haitakupa ile ya 41 yenyewe, na si neno. Noti hiyo huja na watoto wake wa 82 na 123, na ubongo ukiwasikia watoto unamtaja mzazi hata kama hayupo. Unachotaka kujua ni kama besi inatembea. Unaweza kuiimba? Unasikia ikipanda ngazi na kushuka? Kama inatembea, hata ikiwa ndogo, redio hiyo ni ya kununua. Kama inarukaruka mahali pamoja, mwachie muuzaji.

Ila kwanza mwambie apunguze sauti. Fletcher na Munson, nao wa Bell, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio huwa zito kwa besi sauti ikiwa ndogo na huchangamka ikiwa kubwa. Muuzaji hajawasoma, lakini kidole chake kinawajua vizuri. Ukilinganisha redio mbili, yenye sauti kubwa zaidi itashinda kila mara, kwa hiyo zisawazishe. Kisha gonga ubavu wa boksi kwa kifundo cha kidole: likijibu kama ndoo ya plastiki, litaimba pamoja na mwimbaji bila kualikwa. Chumba chako nacho kina neno lake, kubwa pengine kuliko yote haya, tutalizungumza siku nyingine.

Kuhusu koo la nyuma: acha angalau shibiri moja kati yake na ukuta. Kama redio itakaa ndani ya kabati na besi inanguruma, chukua soksi, ikunje, iingize kooni. Hewa ya mle haitaweza tena kuruka, na spika inakuwa karibu kama iliyofungwa. Besi itapungua, ila itanyooka. Na fundi mpelekee mshumaa; joto halizimi mshumaa.

Nilimtumia mwalimu rasimu ya haya kabla ya kuichapa. Amejibu jana usiku. Kibandiko cha nyuma kinasoma wati 28, muuzaji ameshuka hadi laki mbili na nusu, besi ya Morogoro Jazz inatembea "ingawa inachechemea kidogo", na nafasi pekee aliyonayo nyumbani ni ndani ya kabati la vyombo. Anauliza soksi iwe ya pamba au ya nailoni.

Ya pamba. Nene.