Chelezo kisichosomeka kimezama

NENO chelezo limeanza kuzoeleka katika simu na tarakilishi zetu kwa maana ya nakala ya data inayowekwa kando, ili ya kwanza ikipotea kazi isipotee. Wapo wanaosema nakala rudufu, na hilo pia si baya. Mimi hupenda chelezo. Asili yake ni kitenzi elea, kinachonyambuliwa kuwa eleza, yaani fanya kitu kielee. Kwa mabaharia, chelezo ni boya, kitu kinachobaki juu ya maji. Basi hebu tujiulize: vyelezo vyetu vinaelea kweli, au tulivitia kabatini vikazama?

Nauliza hivyo kwa sababu ya kanda za sumaku. Wengi hudhani ziliondoka pamoja na kaseti za muziki. Kumbe wapi! Benki, vituo vya utafiti na kampuni kubwa za intaneti bado huzitumia kwa kuwa ni nafuu kwa data nyingi, na kanda iliyo rafuni haijaunganishwa na mtandao, hivyo mdukuzi hawezi kuifikia. Mnamo Februari 2011, hitilafu ya programu ilifuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail, pamoja na nakala zilizokuwa katika vituo kadhaa vya data. Google ilizirejesha kutoka kwenye kanda.

Lakini kanda haisomwi kwa macho. Inahitaji mashine na programu inayojua mpangilio wake. Kazi ya programu hizo imo katika vitenzi vitatu: kusoma, kugeuza na kunakili.

Tuanze na kusoma. Data kwenye kanda hupangwa kwa mafungu yanayofuatana, na baina ya faili moja na nyingine huwekwa alama. Kanda nyingi za zamani hazina orodha ya majina kama tuionayo kwenye diski. Programu hupita fungu baada ya fungu, ikirekodi ukubwa wa kila moja na mahali pa kila alama. Ikifika palipoharibika hujaribu tena na tena. Ikishindwa, iliyo bora huandika kwamba hapa pana pengo. Mhariri mwaminifu wa miswada ya kale hufanya vivyo hivyo: neno lililoliwa na mchwa halitungi upya, huliachia nafasi.

Kugeuza ndiko kunakomgusa mwanalugha. Tarakilishi haijui herufi, inajua nambari tu. Katika msimbo wa ASCII, uliotolewa mwaka 1963, herufi kubwa A ni 65. Katika EBCDIC, msimbo wa mashine za IBM System/360 zilizotangazwa mwaka 1964, A hiyohiyo ni 193. Ukisoma kanda ya EBCDIC kwa macho ya ASCII utapata vurugu tupu. Ni kama kumpa Kiswahili cha hati ya Kiarabu mtu aliyefunzwa hati ya Kilatini pekee: lugha ni yake, ila hati imemfungia mlango.

Pana mtego pia. Faili moja huweza kuchanganya maandishi na hesabu zilizopakiwa kwa utaratibu wao wenyewe. Programu ikigeuza kila kitu kana kwamba ni herufi, majina yatasomeka vizuri huku mishahara au alama za mtihani zikiharibika. Ndiyo maana wajuzi huchukua kwanza nakala kamili ya kanda jinsi ilivyo, kisha hugeuza kutoka kwenye nakala hiyo.

La tatu ni kunakili, na hapa adui ni wakati. Chukua kanda za LTO, zinazotumika sana leo. Kizazi cha kwanza, cha mwaka 2000, kilibeba gigabaiti 100. Cha tisa, cha mwaka 2021, hubeba terabaiti 18. Hadi kizazi cha saba, mashine iliweza kusoma kanda za vizazi viwili vilivyoitangulia. Ya nane husoma za saba na za nane tu. Kwa hiyo kanda ya kizazi cha tano, iliyoandikwa mwaka 2010, yaweza kuwa nzima kabisa, na mashine mpya isiijue.

Marekani walilionja hilo. Kanda za picha za mwezi zilizopigwa na vyombo vya Lunar Orbiter mwaka 1966 na 1967 zilihifadhiwa vizuri, lakini mashine za kuzisoma zilikuwa adimu. Mradi wa kuziokoa, ulioanza mwaka 2008, uliwezekana kwa sababu mtaalamu mstaafu, Nancy Evans, alikuwa ametunza mashine chache kuukuu nyumbani kwake. Ilibidi zikarabatiwe kwanza.

Je, sisi? Katika taasisi moja hapa nchini nilionyeshwa rafu ya kanda zilizobandikwa lebo kwa mwandiko safi kabisa. Nikauliza mashine iko wapi. Nikaambiwa, ati iliuzwa na vyuma chakavu ofisi ilipohama. Mahojiano ya nyanjani, maghani ya wazee na orodha za msamiati zilizokusanywa kwa jasho zikihifadhiwa hivyo, tutazikosa tukizitazama. Huko pwani unyevu nao huongeza balaa: gundi inayoshika unga wa sumaku katika baadhi ya kanda hufyonza maji na kunata.

Dawa yake si ghali kama maziko yake. Kila mwaka toa kanda kadhaa uzisome, usiridhike na lebo. Hamisha data kwenye kizazi kipya kabla mashine ya zamani haijatoweka, na ulinganishe nakala na asili yake. Weka nakala ya pili katika jengo jingine. Kisha andika kwenye karatasi, kwa Kiswahili kinachoeleweka, ni programu gani iliyoandika kanda hiyo na kwa msimbo gani. Atakayeifungua huenda hajazaliwa bado, na wewe hutakuwepo kumwelekeza.