Pikipiki ya Zamani: Tuifufue au Tuiuze?

Akina mama wenzetu, nyuma ya nyumba nyingi, chini ya mwembe au pembeni mwa banda la kuku, kuna pikipiki iliyolala kwa miaka. Baba husema, "Nikipata fedha kidogo nitaifufua." Sisi tunanyamaza huku tukiwaza ada ya shule. Lakini kunyamaza si jibu. Afadhali tukae pamoja tupige hesabu kabla fundi hajashika spana.

Kwanza, karatasi. Je, kadi ya usajili ipo, na ina jina la nani? Namba za fremu na injini zilingane na zilizoandikwa humo. Pikipiki yenye utata wa umiliki, hata ikinguruma vizuri, itatuletea kesi.

Pili, aina yake. Honda CG125, kwa mfano, ilitoka miaka ya 1970 ikiwa imebuniwa kwa nchi zinazoendelea, ivumilie matunzo madogo. Injini yake iliigwa sana na viwanda vya China, hivyo vipuri vingi vinavyoingiliana nayo hupatikana kwenye maduka ya vipuri vya bodaboda. Aina iliyoadimika inaweza kusimama miezi ikingoja kipuri kimoja.

Tatu, mwili wake. Fremu yenye ufa au iliyoliwa na kutu shingoni, chini ya usukani, tusiirudishe barabarani. Injini iliyokwama si lazima iwe imekufa. Fundi atoe plagi, atie oili kidogo ndani ya silinda, aache siku moja au mbili, kisha ajaribu kuizungusha taratibu. Tangi limulikwe kwa tochi, kamwe si kwa kiberiti wala kibatari, kwa maana mvuke wa petroli huweza kulipuka hata tangi likionekana tupu.

Hapa sisi wauguzi tuna neno. Petroli isinyonywe kwa mpira mdomoni. Ikiingia mapafuni huyadhuru vibaya. Wala isihifadhiwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiinywa, tusimtapishe, tumkimbize hospitali. Tairi nalo lina umri: tarakimu 4 ubavuni, kama 2318, maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Lililopasukapasuka libadilishwe, hata kama meno yake bado ni marefu.

Sasa fundi aandike bei za vitu vyote: tairi, breki, cheni, betri, kabureta, nyaya zilizotafunwa na panya, na ufundi wake. Kofia ngumu nayo iingie humo. Tuongeze theluthi moja, kwani kasoro nyingine huonekana injini ikishafunguliwa. Kisha tuulize bei ya pikipiki ya aina hiyo inayotembea. Matengenezo yakikaribia bei hiyo, tuiuze ilivyo kwa fundi atakayetumia vipuri vyake. Yakiwa nusu au pungufu, na kuna kazi inayoisubiri, kama kupeleka maziwa kwa wateja, tuifufue.

Fedha za ada na chakula zisiguswe. Lakini tusimdhihaki baba. Huenda pikipiki hiyo ndiyo iliyomfikisha kazini alipokuwa akiijenga nyumba tunayokaa. Tumshukuru kwa hilo kwanza, ndipo tuweke ile karatasi ya hesabu mezani, tuisome wote wawili.