Sikio la Mfanyakazi: Nani Anafaa Kupewa Kifaa Gani?

Habari za kifaa kinachopandikizwa ndani ya sikio zimekwisha kutufikia, iwe Buyenzi hapa Bujumbura au huko juu kwenye mashamba ya chai ya Teza na Rwegura. Wengi wanadhani kwamba ni dawa ya kila kiziwi. Siyo. Na kwa kuwa familia inaweza kuuza ng'ombe na shamba ikitafuta operesheni isiyomfaa mgonjwa wake, yafaa tujue mapema nani anafaa na nani hafai.

Sauti huingia sikioni, hutikisa ngoma ya sikio, hupita katika vifupa vitatu, kisha hufika kwenye koklea, kiungo kilichojikunja mfano wa konokono. Humo mna vinyweleo vidogo sana vinavyogeuza mtikisiko kuwa habari, nao mshipa wa fahamu huipeleka kwenye ubongo. Kelele za mashine huua vinyweleo hivyo, navyo havioti tena. Wataalamu hukubali desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda hukatwa nusu. Maana yake, penye desibeli 94, na mitambo ya kufuma nguo huzifikia kwa urahisi, saa 1 tu inamaliza haki ya sikio kwa siku nzima.

Mfanyakazi aliyeharibiwa na kelele aghalabu hawi kiziwi kabisa. Anasikia kwamba mtu anasema, ila haelewi. Herufi kama s, f na t zinampotea, na nyumbani wanalalamika kwamba redio yake inapiga kelele mno. Huyu hahitaji kupasuliwa. Kinachomfaa ni kifaa cha kuvaa sikioni chenye kukuza sauti, kilichorekebishwa kulingana na kipimo chake mwenyewe. Kile cha kuokota sokoni, kinachokuza kila kitu sawasawa, chaweza hata kumwongezea madhara. Mwingine ana nta iliyoziba, au usaha uliotoboa ngoma tangu utotoni. Huyo atibiwe kwanza.

Kifaa cha kupandikiza kina kazi nyingine. Profesa Graeme Clark wa Melbourne, Australia, alimpandikizia mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1978. Hakikuzi sauti: kinaruka vinyweleo vilivyokufa na kupeleka umeme moja kwa moja kwenye mshipa wa fahamu. Kwa hiyo hapana budi mshipa huo uwepo na uwe hai. Anayefaa ni mwenye uziwi mkubwa sana, ambaye amekwisha jaribu kifaa cha kuvaa kisimsaidie. Mtu mzima aliyekuwa akisikia na kusema kabla ya uziwi hufaidika vizuri. Aliyezaliwa kiziwi akafika utu uzima bila kusikia kamwe, faida yake huwa ndogo, na lugha ya ishara ndiyo lugha yake kamili. Mtoto aliyezaliwa hivyo afanyiwe mapema, ikiwezekana kabla ya kutimiza miaka 3. Aliyepoteza masikio kwa homa ya uti wa mgongo apelekwe upesi, kwani koklea yaweza kugeuka mfupa katika miezi michache, na waya usipite tena.

Kwa jirani zetu, hospitali ya Muhimbili ya Dar es Salaam ilianza upasuaji huu mwaka 2017. Lakini operesheni ni mwanzo tu. Yafuata mazoezi ya kusikia ya miezi na miaka, betri, vipuri, na safari za kurudi kurekebishiwa. Familia ya Ngozi au Cibitoke isiyoweza safari hizo itabaki na kifaa kilichokufa. Mimi naona swali hili ni kubwa kuliko lile la bei, nalo halipewi uzito wake.

Huku kwetu viwandani, jambo la kudai ni kipimo cha masikio kwa kila anayeanza kazi penye kelele, kisha kingine kila mwaka. Mkataba namba 148 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1977, unataka afya ya wafanyakazi hao ikaguliwe bila wao kulipa. Karatasi ya kipimo cha kwanza itunzwe, maana bila hiyo mwajiri atasema ulikuja na uziwi wako. Na kipimo kifanywe asubuhi baada ya siku ya mapumziko, kabla ya kuingia zamu. Kikifanywa baada ya zamu, uchovu wa sikio utahesabiwa kuwa uziwi wa kudumu.