Siku ya Kasino na Anko: Pesa Huishia Wapi?

Tuseme anko amekuja kukutembelea Kiuu wikendi hii. Ameshuka Githurai Jumamosi asubuhi, mmekunywa chai, mmepiga stori za nyumbani, halafu anakuambia: "Leo nipeleke kasino bwana, hata masaa mawili tu." Anko si mtu wa kamari. Ni mzee ambaye amesikia habari za kasino na anataka kujionea. Wewe una 6,000 kwenye simu, na 4,500 kati ya hizo ni kodi ya nyumba. Mnapanda matatu, huyoo mjini.

Hatuandiki haya ili kukukataza. Ukishafikisha miaka 18 sheria inakuruhusu, na siku ya namna hiyo inaweza kuwa tamu kama ya kwenda uwanjani kutazama mpira. Tatizo ni jioni, ukifungua simu uone salio. Wengi hulaumu meza ya kasino, na mara nyingi meza haikuwa na makosa makubwa.

Chukua ruleti. Gurudumu la sufuri moja lina nafasi 37: nyekundu 18, nyeusi 18, na sufuri ya kijani. Ukiweka 100 kwenye nyekundu na nyekundu ikatoka, unarudishiwa mia yako na mia nyingine juu. Isingekuwa ile sufuri, mchezo ungekuwa nusu kwa nusu. Hapo ndipo mwenye kasino anapokula: kwa wastani anabaki na shilingi 2.70 katika kila mia inayowekwa mezani. Kuna magurudumu ya sufuri mbili pia, na hayo yanambakishia 5.26, karibu mara mbili. Kwa hivyo kabla anko hajavuta kiti, hesabu sufuri.

Kitu kingine cha ruleti ni kwamba inaenda polepole. Watu wanaweka, mpira unazunguka, unatua, washindi wanalipwa, anko anacheka. Mkicheza mizunguko 30 kwa saa, 100 kila mzunguko, jumla mmeweka 3,000 na wastani wa hasara ni shilingi 81. Ni wastani tu. Siku yenyewe mnaweza kutoka na elfu moja juu au elfu moja chini. Lakini kwa masaa mawili ya burudani, hiyo si bei ya kumfukuzisha mtu nyumba.

Sasa mko kwenye matatu mnarudi, jam ya Thika Road imesimama, na anko amepoteza 700. Anataka kuirudisha. Anatoa simu, anafungua Aviator, ule mchezo wa ndege. Dakika kumi baadaye anakugeukia: "Nitumie mia tano, nitakurudishia mwisho wa mwezi."

Hapa ndipo siku inapoharibika. Watengenezaji wa mchezo huo wanasema kwa wastani unarudisha 97 katika kila 100, yaani hautofautiani sana na ruleti. Kinachotofautiana ni kasi. Raundi moja inaweza kuisha kwa sekunde chache. Tuseme ni raundi nne kwa dakika, shilingi 50 kila raundi: hiyo ni 200 kwa dakika, 12,000 kwa saa, pesa ile ile ikizunguka na kuzunguka. Asilimia 3 ya 12,000 ni 360. Umeweka nusu ya dau la kule mezani, na bado kwa saa unapoteza zaidi ya mara nne.

Halafu kuna ushuru, ambao haungoji ushinde. Tangu 1 Julai 2025, ukiweka pesa kwenye akaunti ya kamari unakatwa asilimia 5, na ukiitoa unakatwa asilimia 5 nyingine. Weka 1,000, unabaki na 950 za kuchezea. Ukibadilisha mawazo na kuzitoa zote bila kucheza hata raundi moja, unapata 902.50. Ukizirudisha tena kesho, unakatwa upya. Ile tabia ya kutoa na kuweka, kutoa na kuweka, ni ghali hata kwa mtu mwenye bahati.

Tena pesa ikishaingia kwenye akaunti ya kamari, hiyo si salio la simu tena. Iko mikononi mwa kampuni ya kamari. Julai 2019, serikali ilipoagiza namba za paybill za kampuni 27 za kamari zifungwe, waliokuwa wameacha pesa huko ndio waliobaki wakihangaika. Ukishinda, toa yote siku hiyo hiyo.

Turudi kwa anko na mia tano yake. Kumkatalia mzee ndani ya matatu, watu wakisikiliza, ni vigumu, na sisi tunajua hilo. Ndiyo maana mambo haya huamuliwa nyumbani. Kabla ya kutoka Kiuu, lipa kodi ya nyumba, asubuhi hiyo hiyo. Ikiwa una mkopo wa simu unaokuruhusu kutumia zaidi ya salio, jiondoe kwa siku hiyo. Kisha nenda kwa wakala utoe zile mtakazocheza, tuseme 1,000, umpe anko nusu mkononi: "Anko, hii mia tano ni yako ya leo, si deni. Ikiisha, tunaenda kula nyama." Akishaambiwa hivyo na mapema, hawezi kusema umemnyima.

Na usimpe simu. Hata kama ni ndugu wa mama yako wa damu, PIN ni yako peke yako. Akikuambia "leta tu nibonyeze mwenyewe," mwambie kwa heshima kwamba utabonyeza wewe. Pesa uliyoituma kwa hiari na PIN yako, kwetu ni malipo halali, na hatuwezi kukurudishia eti kwa sababu ndege ilianguka.

Jumatatu, omba stetimenti ya mwezi mzima. Jumlisha zilizokwenda kwenye namba za paybill za kamari, toa zilizorudi. Hamsini hamsini haziumi siku zinapotoka, na ndiyo sababu watu hushangaa wanapozijumlisha.

Nauli ya anko ya kurudi nyumbani? Usimtumie Jumamosi usiku. Mtumie Jumapili, akishafika steji.