Shairi la Ovid Lililopotea Uhamishoni

Wasomi wengi wa fasihi ya Kilatini wameyabeza mashairi ambayo Ovid aliyatunga uhamishoni. Husema kwamba ni malalamiko matupu: baridi, upweke, kumsihi Kaisari, kisha baridi tena. Mimi si mhakiki wa fasihi bali mwanaisimu, na nathubutu kupinga. Katika beti hizo mna ushuhuda adimu wa mtu anayehofia kwamba lugha yake inamponyoka huku lugha ya wenyeji ikimwingia.

Kisa chenyewe ni maarufu. Mwaka wa 8 baada ya Kristo, Kaisari Augustus alimhamisha mshairi huyo, aliyekuwa na umri wa miaka 50, kutoka Roma hadi Tomis, bandari ya Bahari Nyeusi ambayo leo ni Constanța nchini Romania. Mwenyewe ataja sababu mbili: shairi, yaani utungo wake wa kufundisha mapenzi, na kosa ambalo hakulifichua katika maandishi yake. Hakunyang'anywa mali wala uraia, na mkewe alibaki Roma. Huko Tomis aliendeleza Tristia, vitabu 5, kisha nyaraka za kishairi kutoka Ponto, vitabu 4. Augustus alifariki mwaka wa 14, Tiberius akashika utawala, na msamaha haukuja. Ovid alifia uko huko yapata mwaka wa 17 au 18.

Tomis ulianzishwa na Wagiriki wa Mileto, lakini kwa maelezo ya Ovid, Kigiriki cha hapo kilikuwa kimekwisha kushika lafudhi ya Wageti, wenyeji wa nchi ile. Wa kuzungumza naye Kilatini hakuwapo. Anasimulia kwamba husema peke yake ili maneno yasimpotee, kwamba anachelea maneno ya ugenini yasije yakajipenyeza katika beti zake, na kwamba mshenzi asiyeeleweka sasa ni yeye. Bila shaka ametia chumvi, kwani Kilatini chake kimenyooka na mizani haikuyumba. (Wapo hata waliodai kwamba hakuwahi kufika Tomis, dai ambalo wataalamu wengi hawalikubali.) Hata hivyo, hofu ile naitambua, nimeisikia kwa watu waliorejea nyumbani baada ya miaka mingi ughaibuni.

Katika kitabu cha mwisho cha nyaraka, Ovid anamweleza rafiki yake Carus jambo ambalo asema linamtia haya: ameandika kijitabu cha ushairi kwa Kigeti, kwa mizani ya Kilatini, kumsifu marehemu Augustus na jamaa yake. Alipowasomea Wageti, walitikisa vichwa na podo zao za mishale.

Msomaji aliyezoea mizani yetu huenda asione ajabu. Sisi huhesabu silabi. Mshairi wa Kilatini alipima urefu na ufupi wa kila silabi. Kama Ovid aliweza kweli kuyatia maneno ya Kigeti katika kipimo hicho, basi kurasa chache tu zingetosha kutudokezea kama lugha hiyo ilitofautisha irabu ndefu na fupi, mbali na viambishi na mpangilio wa maneno. Leo hatuna matini yoyote ya kututolea sarufi ya Kigeti. Kilichosalia, kwa lugha hiyo na jamaa yake Kidasia, hasa ni majina ya watu, ya mahali na ya mimea. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua, ningebadilisha nusu ya Tristia kwa kijitabu hicho, na wapenzi wa Kilatini wanisamehe.

Desemba 2017, Baraza la Jiji la Roma lilipitisha hoja ya kuibatilisha hukumu ya mshairi huyo. Watu wa Tomis walimtendea wema mapema zaidi: walimvika taji na kumsamehe kodi angali hai. Watu hao hao walipata pia habari ya namna alivyowachora katika mashairi yake, wakakasirika, naye akajitetea kwamba alichoitukana ni nchi, si watu. Matusi hayo ya Kilatini yamenakiliwa karne baada ya karne, nasi tunayasoma hadi leo. Maneno aliyowasomea kwa lugha yao hakuna aliyeyanakili.